Sasa Hivi ya Kaingu

Mimi ni fundi wa cherehani, na ugonjwa wangu ni maneno. Mtu akiniletea leso nimpigie pindo, lazima nimweleze kwamba jina hilo ni la Wareno, waliokuwa wakiita hivyo kitambaa cha kufutia jasho, na kwamba wanawake wa zamani walinunua vitambaa hivyo wakavishona pamoja mpaka vikawa nguo. Mteja hajaniuliza. Anataka leso yake aende zake. Namweleza hivyo hivyo. Mzee mmoja wa kanisa letu alininunia muda mrefu nilipomwambia kwamba gereza, kwa hao hao Wareno, lilikuwa kanisa.

Nilitoka Siaya nikiwa kijana, nikidhani Kiswahili nakijua. Watu wa Mombasa walinipokea kwa heshima na kunicheka kwa heshima, na hapo ndipo nilipoanza kuuliza kila neno limetoka wapi. Katika jambo hili sina subira na waongo. Dereva mmoja aliwahi kukaa kwenye benchi langu akadai kwamba Mishomoroni, huku tunakokaa, ni jina la Mzungu aliyeitwa Shomoro. Nilimwambia ainuke, benchi ni la wateja. Mimi asili ya Mishomoroni siijui. Wengine husema ni miti, wengine husema ni ndege, na mimi husema sijui, maana hilo nalo ni jibu.

Lakini upo usemi mmoja ambao nilijua umetoka wapi, kwa sababu ulizaliwa upande wa pili wa ukuta wangu. Hapa mtaani, mtu akikwambia "naja sasa hivi" nawe una shaka naye, unamuuliza: sasa hivi ya kweli, au sasa hivi ya Kaingu? Fundi wa bomba akiahidi kurudi, ni ya Kaingu. Umeme ukikatika na watu wa stima wakisema wako njiani, ni ya Kaingu. Makanga wa barabara ya Malindi wanautumia, wauza samaki wanautumia, na nimewahi kumsikia mhubiri akionya kwamba toba ya dakika ya mwisho ni toba ya sasa hivi ya Kaingu. Waumini walicheka sana.

Wengi wao hawajui kwamba Kaingu alikuwa mtu. Nimewauliza. Mmoja aliniambia ni Kigiriama cha "kesho". Mwingine alisema ni jina la meli. Mimi nilimjua Kaingu. Nilimpunguzia suruali kiunoni, na alikuwa na miguu mirefu iliyonisumbua kupima. Alikuwa kibarua wa ujenzi, mpole, mwimbaji wa sauti ya chini kanisani. Jumapili moja, mkewe Kafedha alikuwa amesonga sima, mboga ya mchunga iko tayari, na Kaingu akasimama mlangoni akamwambia, "Pakua, naja sasa hivi." Alikuwa amevaa champali za nyumbani na simu aliiacha kwenye chaji. Mtoto wao Kitsao alikuwa darasa la tano. Kaingu hakurudi siku hiyo, wala mwaka huo, wala mpaka leo.

Alitafutwa. Tulikwenda polisi, tulikwenda hospitali zote, tulikwenda hata kule ambako mtu huomba asimkute wake. Ndugu zake wa Ganze walikuja, wakarudi, wakaja tena. Hakuna aliyemwona akipanda gari, hakuna aliyemwona akigombana na mtu. Kafedha alibaki na mwanawe na biashara yake ya mahamri na mbaazi, ambayo huiweka barazani kwake kila asubuhi, karibu na cherehani yangu.

Mtaa ulimhurumia kwa namna yake. Usemi ulikuwa umeshaenea na hakuna aliyeweza kuuzuia, lakini sisi tuliojua tulijiwekea sheria bila ya kikao. Kafedha akipita, usemi unamezwa. Mgeni akiutamka mbele yake, mtu anamkanyaga mguu. Mara ngapi nimekohoa kama mwenye kifua kikuu ili kumfunika mteja aliyekuwa karibu kuusema. Nilijiona mstaarabu, na nadhani kila mtu alijiona hivyo.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Kitsao akaoa, na mkewe akajifungua mtoto wa kiume.

Mke mwenyewe ni Mwende, binti wa Kitui, mpole wa sauti lakini si mtu wa kusukumwa. Kwa Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake wa kwa baba. Hakuna mjadala hapo. Jina humngoja mtoto kabla hajatungwa. Babu ni Kaingu, kwa hiyo mtoto ni Kaingu. Mwende akasema hapana. Wiki zikapita na mtoto hana jina. Bibi yake alimwita Mgeni, majirani wakamwita Mgeni, na kadi yake ya kliniki ilisema tu mtoto wa Mwende.

Kitsao alinijia barazani siku moja, akaniamkia, akakaa pale alipoondoshwa dereva wa Shomoro.

"Fundi, nina shida. Baba Mdogo Mweri yuaja Jumamosi kutoka Ganze kwa ajili ya jina. Mwende bado hataki."

"Hataki kwa nini?"

"Kwa ule usemi. Asema mwanawe hatakuwa kichekesho cha makanga wa stejini." Akatazama nyumba ya mama yake, akapunguza sauti. "Wewe watu wanakuamini kwa maneno. Ukimwambia Mwende kwamba usemi huo ni wa zamani, wa Kaingu mwingine kabisa, atakubali. Yeye si wa huku, hakuwapo."

"Unataka niseme uongo."

"Nataka jina la baba yangu lisipotee. Ni mtoto wangu wa kwanza, fundi. Nikilipitisha leo, nani atakayelipokea?"

Nilimwambia ningefikiri. Nilishona suruali mbili za shule huku nikifikiri, na moja niliiunga miguu yake pamoja. Nilimkumbuka yule mtoto wa darasa la tano aliyekuwa akikaa kizingitini jioni, akitazama njia, na nikaona kwamba uongo mmoja wa asili ya neno hauui mtu. Hasira yangu juu ya dereva wa Shomoro niliiweka kando kwa muda.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, tulikaa sebuleni kwa Kafedha. Mweri alikaa kwenye kiti kikubwa, mzee wa mikono mipana aliyekuja na mfuko wa mihogo. Kitsao alikaa karibu yake. Mwende alikuwa kwenye mkeka na mtoto mapajani. Kafedha alikaa karibu na mlango, kama kawaida yake, akichambua mbaazi za kesho. Mimi nilipewa stuli.

Mweri alianza kwa upole. Alisema amekuja kumwona mjukuu na kumpa jina lake, na kwamba kwao jina si la mtu mmoja, huzunguka katika ukoo, babu kwa mjukuu.

"Naelewa, Baba," Mwende akasema. "Hata kwetu Kitui mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Mila sijaikataa."

"Sasa wakataa nini?"

Mwende alimtazama mkwewe kwanza, akasita, kisha akaona kwamba kunyamaza kutamharibia.

"Mama nisamehe, nitalisema. Nilikuwa kliniki na huyu. Foleni ilikuwa ndefu, nesi akatoka akasema naja sasa hivi. Mama mmoja nyuma yangu akasema, hiyo ni sasa hivi ya Kaingu. Foleni nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, Mama. Nilicheka kabla sijakumbuka. Halafu nikamtazama mtoto, nikaona aibu mpaka nikatamani kutoka nje. Shuleni watamwita kila siku. Akiambiwa aende dukani, watacheka. Siwezi kumpa mwanangu jina ambalo hata mimi nimelicheka."

Mbaazi ziliendelea kuanguka katika ungo. Kitsao alinitazama, na nikajua zamu yangu imefika.

Nilikohoa. Nilisema kwamba usemi huo una asili ya mbali zaidi kuliko watu wanavyodhani. Zamani, nikasema, daraja la Nyali lilipokuwa lile la kuelea, palikuwa na mkata tikiti mmoja aitwaye Kaingu, mtu wa Rabai, mwenye kofia nyekundu. Gari likifika, yeye anakunywa chai kibandani, anapaza sauti, "Naja sasa hivi", na magari yanapangana mpaka upande wa pili. Watu wakaufanya usemi. Daraja lile likaondoshwa, mkata tikiti akafa, usemi ukabaki. Kufanana kwa majina ni bahati mbaya tu.

Nakiri ilikuwa asili nzuri. Kofia nyekundu sikuwa nimeipanga, ilikuja yenyewe. Mweri aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kumwona mkata tikiti huyo, na uso wa Mwende ukaanza kulegea. Aliniuliza, "Kweli, fundi? Kumbe ni zamani hivyo?" Nilikuwa nafungua mdomo kumpa jina la mke wa mkata tikiti.

"Fundi," Kafedha akasema.

"Naam, Mama Kitsao."

"Hadithi yako ni tamu. Lakini usinipotezee neno langu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Aliuweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye leso.

"Neno hilo nimelitoa mimi," akasema. "Hamkujua?"

Hatukujua. Mimi niliyemhoji kila makanga wa Kisauni, niliyeishi ukuta mmoja na mwanamke huyu, sikuwa nimemuuliza yeye hata siku moja. Nilikuwa nikikohoa.

"Mwezi wa kwanza mlikuja kunipa pole," akaendelea, na hakuwa akitazama mtu. "Mlikuja wengi, na nawashukuru. Baada ya hapo mkaacha. Si kuja, kuja mlikuja. Mliacha kumtaja. Nikitokea, watu wageuza mazungumzo. Nikisema 'Kaingu alikuwa akipenda hiki', mtu ainua macho juu, atafuta jambo jingine la kusema. Jina la mume wangu likawa kama tusi, lisemwe nikiwa sipo. Wewe Kitsao pia, ulikuwa mdogo, ukaona watu wazima wafanya hivyo, nawe ukafanya."

Kitsao alitazama sakafu.

"Sasa Anwar, yule muuza nazi, asubuhi moja aliniambia, 'Mama, nazi zimekwisha, naenda kuchukua nyingine, naja sasa hivi.' Nikamwambia, 'Hiyo sasa hivi yako isije ikawa ya Kaingu.' Maskini, alishtuka, akabaki kama amemwagiwa maji. Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu siku ile. Aliponiona nacheka, naye akacheka, akaenda, akarudi na nazi. Jioni nikasikia amemwambia mwenziwe vivyo hivyo. Baada ya muda nikalisikia stejini kwa watu nisiowajua."

"Na hukukasirika?" Mweri akauliza. "Watu wamcheka ndugu yangu, nawe ndiwe uliyewapa?"

"Nikasirike kwa nini? Wewe wenda kwa kaburi la baba yako Ganze, wang'oa majani, wasema naye, warudi. Mimi niende wapi? Sina pa kung'oa majani. Nilikuwa na hilo tu." Sauti yake ilikuwa ileile anayoagizia unga. "Kila asubuhi, kabla mbaazi hazijaisha, kuna mtu amemtaja. Hanipi pole, hashushi sauti. Amtaja kama mtu aliyeko, aliyechelewa mahali. Hapo moyo wangu watulia, nafanya kazi. Ni nyinyi majirani mliokuwa mkinyamaza nikipita ndio mlionitesa. Na wewe fundi, na kikohozi chako."

Nimeshona nguo za watu wa kila aina na nimetukanwa kwa kila lugha ya pwani na bara, lakini sijawahi kuona haya kama nilivyoona haya hapo kwenye stuli. Tulikuwa tumemnyima mwanamke huyu kitu kimoja alichokuwa nacho, tukajisifu kwa hilo.

Kafedha akamgeukia Mwende.

"Lakini mtoto sikumfikiria. Nilitoa neno kwa haja yangu, sikujua kwamba siku moja atazaliwa mtu wa kulibeba. Una haki. Mpe jina jingine. Mpe la baba yangu, au la baba yako, sitanuna."

"Haiwezekani," Mweri akasema. "Jina haliwezi kurukwa."

"Lisirukwe vipi, Mweri? Mwenyewe hatujamwekea hanga." Hanga ni matanga yao, ya kumlilia maiti na kumuaga. Wazee wa Ganze walikuwa wamekuja zaidi ya mara moja kuliomba wamfanyie Kaingu, hata bila maiti, na kila mara Kafedha aliwapikia wali wa nazi, akawasikiliza, akawarudisha. "Nilikataa kwa sababu ya kumngoja. Sasa wataka nichukue jina la mtu ninayemngoja, nimpe mwingine? Akija ataitwa nani?"

Kitsao alianza kusema kitu akaacha. Mtoto alijinyoosha akafanya kelele ndogo, na Mwende akambadilisha mkono.

"Mama," akasema. "Bado unamngoja?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Tuliuliza kama amekula, kama Kitsao amelipiwa shule, kama mbaazi zimepanda bei. Swali lenyewe tuliliogopa, na huyu binti wa Kitui, aliyeingia nyumba hiyo juzi, aliliuliza kama mtu anayeuliza kama mvua imeanza.

Kafedha alitazama nje, kwenye njia ya mchanga inayopita mbele ya mlango, ambako watoto walikuwa wakigombania baiskeli.

"Zamani, nikisikia hatua hapo nje, nilikuwa nikisimama," akasema. "Hata usingizini. Hata nikiwa na mafuta motoni. Kitsao ajua, mahamri mangapi yaliungua." Akauvuta ungo karibu. "Siku hizi hatua zapita, nami nimekaa. Sisimami. Sijui niliacha lini. Nimelijua sasa hivi hapa, uliponiuliza."

Ndipo akalia. Hakupiga kelele, aliinua ncha ya leso akaifunika uso, na mabega yake yakawa yanatikisika. Kitsao aliinuka, akapiga magoti karibu na mama yake, na alikuwa analia kuliko yeye. Mimi nilitazama mihogo ya Mweri. Nilimlilia Kaingu pia, nikiwa nimechelewa miaka mingi, na nikamkumbuka alivyokuwa akisimama wima nikimpima, akihofia kunisumbua.

Alipomaliza, Kafedha alijipangusa, akamwambia Mweri, "Waambie wazee waje. Safari hii sitawarudisha." Kisha akamwambia Mwende, "Na jina, mkilitaka, lichukueni. Mwenyewe hatalihitaji tena. Lakini ni juu yako wewe mamake. Sikulazimishi, na huyu mzee hatakulazimisha nikiwa hai."

Mweri alikubali kwa kichwa. Mwende alimtazama mtoto.

"Watamcheka," akasema.

"Watamcheka," Kafedha akakubali.

"Basi nitawaambia lilikotoka. Kliniki, stejini, shuleni, nitawaambia. Hadithi ya fundi siitaki, kofia yake nyekundu abaki nayo." Ilikuwa mara ya kwanza Mwende kunitania, na nilistahili. Akasimama, akavuka mkeka, akamweka mtoto mapajani pa mkwewe. "Mwite wewe, Mama. Wewe ndiwe unayejua linavyoitwa."

Kafedha alimshika mtoto kichwa kwa kiganja chake chenye alama za mafuta ya moto. Aliinama mpaka mdomo ukafika sikioni pa mtoto. Huko nje baiskeli ilikuwa imeanguka na mtu anachekwa. Alimwita mara moja tu, kwa sauti ndogo, sauti ya kumwita mtu aliye karibu.